Mzigo Unasukuma? Mjadala Kabla ya Kushuka Kitonga

Taa ya breki ya kushoto ndiyo iliyoleta maneno. Lori la tela lilikuwa limetoka Mafinga na shehena ya mbao, limeshapita Iringa mjini, na dereva wake alitaka kuushuka mteremko wa Kitonga kabla jua halijazama. Alisimama Ilula anunue nyanya za nyumbani. Utingo akazunguka nyuma kukagua, akapaza sauti: ya kulia inawaka, ya kushoto inafifia kama macho ya mtu mwenye usingizi. Dereva mwenye akili zake haingii Kitonga ikiwa wanaomfuata hawaoni anapokanyaga breki. Lori likaingizwa gereji.

Gereji yenyewe ni turubai, kivuli cha mti, benchi na sanduku la spana. Benchini alikuwapo mwalimu mstaafu wa fizikia aliyefuata redio yake, na binti wa kidato cha pili, mpwa wa fundi, ambaye hukaa pale na madaftari hadi mjomba afunge kazi. "Kamwene" na "shikamoo" zikazunguka, fundi akachuchumaa nyuma ya tela, na mjadala ukaanza bila mtu kuufungua.

"Betri imechoka," dereva alisema. "Umeme unatoka mbele, unaliwa njiani. Ukifika nyuma umebaki kidogo."

"Mbona ya kulia inawaka vizuri, baba?" binti aliuliza.

"Ya kulia inawahi. Hii ya kushoto inapata makombo."

Mwalimu hakupenda makombo. Aliomba mita ya fundi, akachomoa balbu, akagusisha ncha moja ya mita kwenye kituo cha katikati cha kishikio na nyingine kwenye ganda la taa. Utingo akakanyaga breki. Volti 24. "Umeme umefika wote," mwalimu alitangaza. "Betri nzima, waya mzima. Balbu ndiyo imekufa." Balbu mpya ikafungwa. Ikafifia vilevile.

Fundi alichekea puani. Alichukua kipande cha waya, ncha moja akaikandamiza kwenye ganda la taa, nyingine akaisugulia kwenye chesisi mpaka rangi ikabanduka na chuma kikaonekana. Taa ikawaka nyekundu, kali. Akaondoa waya, ikafifia. Akaurudisha, ikawaka. "Ethi imeliwa na kutu," alisema. "Mita imekudanganya, Mwalimu."

Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akafanya jambo ambalo walimu wengi hulikwepa: alirudia kipimo mbele ya watu waliomwona amekosea. Safari hii balbu aliiacha mahali pake, inafifia. Kutoka waya wa taa hadi chesisi, volti 24. Kwenye balbu peke yake, volti 11. Kutoka ganda la taa hadi chesisi, mahali ambapo palitakiwa pasiwe na kitu, volti 13.

"Kumi na moja na kumi na tatu," binti alisema taratibu, "ishirini na nne."

Hapo ndipo palikuwa na siri ya kipimo cha kwanza. Mita ya volti hupitisha mkondo mdogo mno. Mkondo ukiwa karibu na sifuri, kutu haipati cha kuzuia, kwa hiyo mita huziona volti zote 24 na kuripoti kwamba mambo ni salama. Ukiweka balbu, mkondo wa kweli unaanza kupita kwenye ile kutu, na kutu inadai fungu lake. Mita haikusema uongo. Ilijibu swali jingine. Ndiyo sababu mafundi wa magari hawaiachi taa ya testa, kile kibalbu chenye sindano na kibanio, hata wakiwa na mita ya kisasa mfukoni. Testa hupitisha mkondo wa kutosha, na kwa kuupitisha huufichua muungano mbovu.

Mwalimu alipata nafasi ya kufundisha na hakuipoteza. Volti ni mkondo mara ukinzani, alisema. Kanuni hiyo ilichapishwa mwaka 1827 na Georg Ohm, mwalimu wa shule mjini Köln, Ujerumani. Wengi wa wasomi wa kwao hawakuijali. Medali ya Copley ya Royal Society ya London ilimfikia 1841. Na ule ujumlishaji alioufanya binti kwa midomo tu, kwamba volti zilizogawanywa njiani lazima zirudishe jumla ya betri, uliandikwa kama kanuni mwaka 1845 na Gustav Kirchhoff, akiwa mwanafunzi wa miaka 21. Binti aliandika miaka ya kanuni zote mbili kwenye daftari. Dereva aliangalia saa.

Lakini dereva hakuwa amemaliza. "Sawa, kutu. Sasa mimi nauliza: taa hii ina waya mmoja. Nyumbani kwangu kila taa ina waya mbili. Huyu wa pili yuko wapi?"

Fundi alilipiga chesisi kofi. "Huyu hapa. Unamwendesha kila siku."

Ndivyo magari mengi yanavyoungwa. Upande hasi wa betri hufungwa kwenye chuma cha gari, na chuma hicho, ambacho mafundi hukiita ethi, ndicho barabara ya kurudia kwa taa zote. Inaokoa waya nyingi, lakini inaifanya kila bolti yenye kutu kuwa mshukiwa. Nusu ya kazi za umeme gerejini, fundi alidai, ni kukwangua kutu. Hesabu yake haina karatasi, ila mikono yake ina ushahidi.

"Kurudi kufanya nini?" dereva aliuliza. "Taa si imeshautumia?"

Swali hilo ni la zamani, na wanaolikosea si madereva peke yao. Wanafunzi wa sekondari wa nchi nyingi hujibu hivyohivyo: umeme unaingia mwingi kwenye taa, unatoka kidogo, au hautoki kabisa. Fundi hakubishana. Aliigeuza mita kwenye ampea, akaiunga katikati ya njia kabla ya balbu: 0.87. Akaihamishia kwenye kile kipande cha waya cha ethi, baada ya balbu: 0.87. Balbu ni ya wati 21. Gawanya kwa 24, unapata hapohapo.

Dereva aliitazama mita, akamtazama fundi. "Kama umeme wote unarudi, LUKU wananikata nini kwenye mita ya umeme?"

Benchi zima lilicheka, lakini ni swali zuri kuliko mengi ya kwenye mitihani. Mwalimu akajibu kwa mfano wa maji kwenye mabomba: pampu ni betri, bomba ni waya, maji ni mkondo. Fundi akaukataa palepale. "Bomba likipasuka maji yanamwagika, Mwalimu. Waya ukikatika, umeshaona umeme unamwagika chini?" Yeye alikuwa na mfano wake, na alionyesha baiskeli iliyoegemezwa mtini. Pingili za mnyororo zinazokwenda nyuma ndizo zinazorudi mbele. Ukizihesabu zinazopita kwa dakika, zinazokwenda ni sawa na zinazorudi, hakuna iliyoliwa. Hata hivyo gurudumu limezunguka, na mwenye kupiga pedali ametoka jasho. Mnyororo ni mkondo, mpiga pedali ni betri, na jasho ndilo LUKU wanalokukata. Mwalimu alikubali kwa kutikisa kichwa, akaongeza jina tu: jasho hilo vitabu huliita nishati, na uniti moja ya LUKU ni nishati ya kifaa cha wati 1,000 kinachofanya kazi saa nzima.

Mnyororo ulikuwa na faida nyingine. Utingo, aliyekuwa kimya juu ya kiti cha dereva, alitaka kujua jinsi umeme unavyokimbia kutoka kichwani hadi mkiani mwa tela mara tu anapogusa breki. Jibu la mwalimu liliwashangaza: haukimbii. Kwenye waya wa shaba wenye unene wa milimita moja ya mraba, mkondo wa takriban ampea 0.9 unasogeza elektroni kama sentimeta 24 kwa saa. Konokono anaipita. Elektroni moja ingehitaji karibu siku tatu kuumaliza waya wa tela la mita 16. Taa inawaka papo hapo kwa sababu waya tayari umejaa elektroni mwanzo hadi mwisho, na msukumo unapita ndani yake kwa kasi inayokaribia ya mwanga, kama vile gurudumu la nyuma linavyoanza kuzunguka mara tu pedali inapokanyagwa, bila kusubiri pingili za mbele zifike nyuma.

"Kwa hiyo ili hiyo elektroni ifike lazima nikanyage breki siku tatu," dereva alisema. "Kitonga naweza."

Mfano wa fundi una mahali unapokwama, na mwalimu hakuacha kulisema hilo: mnyororo hauna njia panda, ilhali mkondo wa breki hugawanyika, nusu kulia nusu kushoto, kila taa kwenye tawi lake. Ndiyo maana kutu ya kushoto haikuigusa taa ya kulia, na hadithi ya makombo ikafia hapo. Dereva hakusema amekubali. Aliwasha sigara, akasogea mbali na tangi la mafuta, akahamisha uwanja wa vita.

"Hiyo nguvu ya umeme nawaachia. Mimi nguvu ninayoiogopa ni ya mzigo."

Tangu afike alikuwa ameshalitumia neno nguvu kwa betri, kwa injini, kwa breki na sasa kwa mbao, na kila mara alimaanisha kitu tofauti. Mwalimu alishindwa kujizuia. Kinachovuta au kusukuma ni kani, alisema. Kinachotumika kufanya kazi ni nishati. Wati ni nishati kwa kila sekunde. TUKI, taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili, walishatoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, maneno yapo. Fundi alimjibu kwamba neno halifungui bolti: wateja wote wanakuja na "gari halina nguvu", naye anajua la kushika ni chujio la dizeli au ni klachi bila kuuliza kama ni kani au nishati.

Binti aliingilia hapo, na alichosema kilikuwa kizito kuliko cha wote wawili. Darasa la saba alifundishwa kani kwa Kiswahili, akaielewa, akaipata kwenye mtihani. Kidato cha kwanza akafundishwa kitu hicho kwa neno la Kiingereza. Kwa muhula mzima alidhani ni vitu viwili.

Hapa inafaa kusimama upande wa mwalimu, ingawa si kwa sababu aliyoitoa. Fundi anaweza kuishi na neno moja kwa sababu mkono wake unamfahamisha lipi ni lipi. Asiye na mkono huo anahitaji maneno. Swali la LUKU halijibiki ikiwa mkondo na nishati vyote vinaitwa nguvu, maana kimoja kinarudi na kingine hakirudi.

Turudi kwenye mbao. Daftari la binti lilikuwa na kanuni ya kwanza ya Newton: kitu kilicho kwenye mwendo kitaendelea na mwendo uleule, kwenye mstari ulionyooka, mpaka kani ikiguse. Dereva aliisikia, akaikataa kwa mdomo wote. Miaka mingi kwenye usukani imemfundisha kinyume chake. Ukiondoa mguu kwenye mafuta, gari linapungua, kisha linasimama. Hakuna kitu kinachojiendea.

Aristotle angempa mkono. Naye alifundisha kwamba kitu kisiposukumwa kinasimama, na kwa karne nyingi maneno yake yalitawala madarasa. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliwaza tofauti: kitu kilichorushwa hubeba mwelekeo ndani yake, na mahali pasipo na kizuizi chochote mwendo wake usingekoma. Newton aliiweka kanuni kwenye kitabu chake cha 1687. Mwalimu alitaja pia chombo Voyager 1, kilichorushwa na Marekani mwaka 1977, ambacho kinakwenda takriban kilomita 17 kwa kila sekunde bila injini inayokisukuma. Dereva alisema huko hakuna lami.

Aliyemshinda dereva alikuwa dereva mwenyewe. Binti alimuuliza kwa nini mbao zimefungwa kwa minyororo kiasi kile na kwa nini nyuma ya kabini kuna ukuta wa chuma. "Ukifunga breki ghafla mbao zinakuja," alijibu, na mikono yake ikaonyesha zinavyokuja, zikipasua kabini. Amewahi kuliona lori la namna hiyo.

"Nani anazisukuma?" binti aliuliza.

Dereva alifungua mdomo, akaufunga. Hakuna mtu nyuma ya mbao. Breki zimeshika magurudumu, magurudumu yameshika lori, lakini bila minyororo hakuna kilichozishika mbao. Zenyewe zinaendelea na mwendo ule ule wa kilomita 60 kwa saa waliokuwa nao wote sekunde moja kabla. Kabini ndiyo iliyopunguza kasi, nazo zikaikuta njiani. Mwalimu aliliita jambo hilo inesha, kisha kwa mara ya kwanza siku hiyo akaacha neno lipite bila mahubiri. Kinacholisimamisha gari dereva anapotoa mguu ni msuguano wa matairi, upepo unaolikabili na injini yenyewe. Vitatu hivyo havichoki wala havionekani, ndiyo maana vinasahaulika.

Mbuzi alitajwa pia, kwa sababu katika barabara hii hatajwi nani? Lori likimgonga mbuzi, utingo aliuliza, nani kapigwa zaidi? Sawasawa, mwalimu alisema: kani anayoipata mbuzi ndiyo inayolipata lori. Lakini lori la tani 40 ni mara 1,000 ya mbuzi wa kilo 40, kwa hiyo mwendo wake unabadilika mara 1,000 kidogo. Utingo aliona hesabu hiyo haimsaidii mbuzi.

Kisha likaja lile ambalo dereva alikuwa amelisubiri. "Mimi nasema mzigo unasukuma. Lori tupu Kitonga naliachia gia ya nne, linatembea lenyewe kwa adabu. Nikiwa na mbao, gia ileile, linakimbia. Kitabu chako kinasemaje?"

Kitabu kilisema vibaya, au angalau mwalimu alikisoma vibaya. Vitu vyote huanguka sawa, alijibu, vizito na vyepesi. Galileo alilionyesha hilo kwa mipira iliyoviringishwa kwenye mbao za mteremko, na mwaka 1971 mwanaanga David Scott alidondosha nyundo na unyoya juu ya mwezi, vikagusa vumbi pamoja. Mteremko ni kuanguka kwa pole pole. Kwa hiyo lori tupu na lori lenye mzigo yanapaswa kushuka sawa. Kilichobaki ni hofu ya dereva.

"Mwezini hakuna Kitonga," dereva alisema.

"Lakini Mwalimu," binti alidakia, "kama yanashuka sawa, mbona gia inalimudu moja na haiwezi kulimudu jingine?"

Mwalimu alikuwa ameshainua mkono wa kulifuta swali. Fundi akamuwahi: "Angalia usije ukawa mwalimu wa Mpemba."

Iringa hadithi hiyo haihitaji maelezo, lakini kwa walio mbali: Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba mwaka 1963 alipoona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliotiwa kwenye friza ukiwa moto umeganda kabla ya ule wa wenzake uliopoa. Alipouliza, alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, hapohapo Iringa mjini, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Osborne alikwenda kupima. Makala yao ilichapishwa 1969, na wanafizikia wanaendelea kubishana juu ya jambo hilo mpaka leo. Mwalimu aliushusha mkono.

Kilichofuata kilifanyika kwa chaki kwenye mlango wa chuma wa lori. Tuseme barabara inashuka mita 1 kwa kila mita 10. Mvutano wa dunia unaliburuta lori la tani 40 kuelekea chini kwa kani iliyo sawa na uzito wa tani 4. Lori hilohilo likiwa tupu, tani 15, linaburutwa kwa uzito wa tani moja na nusu. Kama vitu hivyo vingekuwa peke yao, mwalimu angekuwa sahihi: kani kubwa inavuta kitu kizito, kani ndogo inavuta kitu chepesi, na kasi inaongezeka kwa kiwango kilekile. Lakini hayako peke yao. Kuna injini. Ukiwa kwenye gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, injini inazuia magurudumu, na kiasi inachoweza kuzuia hakijui kama nyuma kuna mbao au hewa. Tuseme inashikilia tani moja na nusu. Lori tupu: kani zimesawazika, linatembea kwa adabu, kama dereva alivyosema. Lori lenye mbao: tani mbili na nusu zimebaki bila mtu wa kuzishika. Ndani ya sekunde 10 tu lori hilo limeongeza karibu kilomita 22 kwa saa.

Mwalimu aliitazama hesabu yake muda mrefu. Kanuni ya Newton haikuguswa. Yeye ndiye aliyesahau kuihesabu injini. Dereva naye alikuwa ameona kweli tupu na kuipa maelezo mabovu, maana msukumo hauanzii kwenye mzigo wenyewe, mzigo unaburutwa na dunia sawa na lori lenyewe. Waliokosea ni wawili, lakini aliyekosea kwa hatari ni yule wa vitabu: anayeliamini jibu la mwalimu angeteremka na mbao kwa gia aliyozoea akiwa tupu.

Dereva hakutamba. Alisema tu kwamba yeye na mbao huingia Kitonga kwa gia ya chini zaidi, ya pili au ya tatu, na anaichagua juu kabisa kabla mteremko haujaanza, kwa sababu ukishashika kasi katikati gia haikubali tena kuingia.

Kazi ya breki inaonekana zaidi ukiihesabu kwa uniti. Lori la tani 40 likishuka mita 100 kwenda chini, nishati inayoachiliwa ni jouli milioni 39, yaani uniti 11 za LUKU. ("Kwangu hizo ni siku nne," dereva alisema.) Kama kasi haiongezeki, zote hizo lazima ziishie mahali, na kama injini haizimezi zinamezwa na breki na kugeuka joto. Joto hilo lingechemsha zaidi ya lita 110 za maji baridi, kwa kila mita 100. Dramu ikipata moto inapanuka na kuikimbia lainingi. Lainingi ikiungua inapoteza msuguano. Upepo umejaa kwenye mitungi, pedali inakubali, lori halisikii. Na kasi ikiongezeka mara mbili, kutoka 30 hadi 60, nishati ya mwendo inaongezeka mara nne.

Hapo ndipo nyutro ilipoingia, na kwa muda mfupi fundi na dereva walizungumza vitu viwili kwa neno moja, fundi akifikiria waya wa nyumbani na dereva gia. Dereva alikuwa akiwalaumu wenzake wanaoteremka gia ikiwa huru ili kubana mafuta. Kenya, pale Salgaa kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, desturi hiyo imejulikana kwa kuua. Fundi aliongeza jambo ambalo hata mwalimu hakulijua: injini za siku hizi, ukiwa kwenye gia na mguu hauko kwenye mafuta, pampu hukata dizeli kabisa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro, injini inalazimika kunywa ili isizimike. Anayeteremka huru anaitupa breki yake bora na bado ananunua mafuta.

"Mjomba," binti alisema, "hizo uniti kumi na moja haziwezi kurudishwa kwenye betri badala ya kuunguza breki?"

Zinaweza, mwalimu alisema, na alikuwa na mfano. Kwenye machimbo ya Péry, Uswisi, kuna lori kubwa la umeme linalopanda tupu na kushuka limebeba mawe ya kutengenezea saruji. Wakati wa kushuka mota zake hugeuka jenereta, zinalizuia lori na kuijaza betri, na kwa kuwa mzigo uko upande wa kushuka tu, sehemu kubwa ya umeme wa kupandia inatoka hukohuko mlimani.

Binti alikuwa ameshaanza ukurasa mpya. Mbao kwenda chini, tani 40. Lori tupu kwenda juu, tani 15. Akatoa.

"Nani kakwambia narudi tupu?" dereva alimuuliza huku akipanda kabini. "Narudi na saruji. Tani zilezile."

Binti alikata mstari juu ya hesabu. Fundi alikuwa amekwishakwangua ethi hadi chuma kikang'aa, akaifunga kwa bolti mpya na kuipaka grisi. Utingo alikwenda nyuma kwa mara ya mwisho, dereva akakanyaga, taa mbili zikawaka sawasawa, breki za upepo zikapumua. Lori likaingia barabarani. Mwalimu aliukumbuka mlango wenye hesabu yake ya chaki ulipokuwa umeshapotea kwenye kona.

"Redio yangu je?" alimuuliza fundi.

"Ethi," fundi alisema.